Mdogo wangu, unga, na nauli ya kila asubuhi

Jumatatu moja ya Mei 2014 niliamka nikakuta meza ya cherehani yangu haina kichwa. Pedeli ipo, gurudumu lipo, mkanda unaning'inia. Sketi ya shule niliyokuwa nimeiacha nusu ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kiti ili isipate vumbi. Mwizi wa kawaida hakunji sketi ya mteja. Nikajua ni mdogo wangu.

Kesho yake nilikikomboa kwa fundi mmoja wa Mbagala kwa shilingi 60,000, nikarudi nacho Chamazi ndani ya daladala nimekipakata kama mtoto. Mama aliponiuliza nikamwambia nilikipeleka kutiwa oili. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa ajili ya mdogo wangu, na kwa miaka miwili iliyofuata nilisema mwingine mwingi. Ninaandika haya kwa sababu kina mama wa mtaani ambao watoto wao wanatumia unga, yaani heroini, wananifuata jioni, wananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Nyie mlifanyaje?" Nimechoka kujibu nusu nusu. Mdogo wangu amenipa ruhusa ya kusimulia. Majina tumekubaliana yabaki nyumbani.

Alianza kazi ya ukonda mwaka 2008, akiwa na miaka 19. Konda wa Dar es Salaam anaamka saa tisa usiku na kurudi saa tano usiku, na kila kituo kikubwa kina maskani yake, kijiwe cha vijana wanaovuta. Hakuanza na sindano. Alianza na kokteli, yaani msokoto wa bangi iliyonyunyiziwa unga, na anasema mara ya kwanza alidhani ni bangi tupu. Mara ya tatu alijua. Hilo analisema mwenyewe bila kujitetea, na mimi naliacha kama alivyolisema.

Watu huniuliza unga unatufikiaje sisi tusiolima hata mche mmoja wa afyuni. Heroini inayofika kwetu nyingi inatoka Afghanistan, inapitishwa pwani ya Pakistan na Iran, inapakiwa kwenye majahazi yanayokata Bahari ya Hindi hadi pwani zetu za Tanzania, Kenya na Msumbiji, kisha inaendelea kwenda kwenye nchi za matajiri. Sisi tulikuwa njia tu. Lakini njia haibaki njia: sehemu ya mzigo inabaki, inakatwa kete, yaani vipimo vidogo vya kuuza, inaingia vituo vya daladala.

Dalili nilikuwa nazo machoni na sikuzisoma. Anasinzia akiwa amesimama, kichwa kinashuka polepole mpaka kidevu kinagusa kifua, halafu anashtuka. Anajikuna. Anavaa mikono mirefu jua la saa nane mchana. Vijiko vinapotea jikoni. Kisha kuna asubuhi nyingine anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtoka, vipele vya baridi vimemsimama mwilini, miguu inamuuma, anaharisha. Hiyo ndiyo arosto, mwili unapodai unga uliouzoea. Mimi nilisema ni malaria. Mara mbili nilimnunulia dawa ya mseto, na mara mbili alinywa dozi yote mbele yangu kwa utiifu kwa sababu hakuwa na namna ya kuniambia ukweli.

Siku ukweli ulipotoka, ulitoka vibaya, kwa jirani aliyemkuta kwenye gofu. Kikao cha familia kilikaa usiku huohuo. Baba mdogo akasema afungiwe. Tukamfungia kwenye stoo ya nyuma, ndoo moja, jagi la maji, chakula kinapitishwa mlangoni. Siku ya pili na ya tatu alilia kiasi kwamba mama alitoka akaenda kukaa kwa shangazi. Siku ya sita alitoka amedhoofu lakini anakula, anacheka, anaomba radhi. Tukasema imekwisha. Alikaa siku kumi na moja akarudia.

Laiti kuna mtu angetuambia jambo moja siku ile. Kuimaliza arosto na kupona uraibu ni vitu viwili tofauti kabisa. Arosto ni wiki moja ya mateso, inapita. Kinachobaki ni kiu iliyojengeka kichwani kwa miaka, na hiyo haifungiwi stoo. Tungejua hilo tusingemfungia. Angeweza kufia mle ndani kwa kukaukiwa maji, na sisi ndio tungekuwa tumemfunga.

Baada ya hapo tulipita kwa mganga. Sitakaa sana hapo. Zilikwenda 120,000 na kuku wawili.

Mwaka 2015 tukasikia habari za soba hausi. Nyumba hizi, ambazo wataalamu huziita nyumba za upataji nafuu, mara nyingi huendeshwa na watu waliowahi kutumia wakaacha. Wazo lenyewe ni zuri na sitalidharau: nawafahamu vijana wawili waliosimama kwa miguu yao kupitia nyumba za Zanzibar na wa tatu kupitia nyumba ya hapa Dar. Hawaongozwi na mtu anayewatisha, wanaongozwa na mtu anayeijua arosto kwa mwili wake. Ile tuliyoichagua sisi haikuwa hivyo. Ada ilikuwa 250,000 kwa mwezi, na kabla ya kuingia tupeleke godoro, ndoo, sabuni na unga wa sembe. Nilikopa vikoba. Tulilipa miezi minne, jumla milioni moja, na wiki sita za mwanzo hatukuruhusiwa kumwona. Nilipomwona alikuwa na alama nyeusi kuzunguka vifundo vya miguu. Nilimuuliza, akasema alianguka. Miaka miwili baadaye ndiyo akaniambia kwamba wiki ya kwanza walifungwa mnyororo wawili wawili, na aliyelalamika alichapwa. Hakuna daktari aliyewahi kukanyaga pale.

Kosa langu halikuwa kumpeleka. Kosa langu ni kwamba sikuuliza kitu. Nilikuwa na haraka ya kumtoa nyumbani, majirani wasimwone, na aliyenipokea alizungumza vizuri. Leo mtu akitaka kumpeleka ndugu yake soba hausi namwambia aende kwanza peke yake, mchana, bila taarifa. Aulize kama nyumba inatambuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Aulize mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa hospitali gani na nani. Aulize anayeishi pale anaruhusiwa kupiga simu nyumbani lini, na je, akitaka kuondoka anaondoka? Aombe kuona wanakolala. Nyumba inayokataa kuonyesha vyumba isipewe hata shilingi.

Alitoka mapema mwaka 2016 amenenepa, mashavu yanang'aa. Mama alipika biriani, tukaalika watu. Na hapa ndipo tulipokaribia kumzika.

Siku ya tisa alikwenda kusalimia wenzake. Alijidunga kiasi kilekile alichokuwa akijidunga kabla ya kuingia soba hausi. Sikujua, na hakuna aliyetufundisha, kwamba mwili uliopumzika miezi minne hauwezi tena kubeba kiasi kile. Kinachomlevya mzoefu kinamuua aliyepumzika. Wiki za kwanza baada ya soba hausi, baada ya jela, baada ya kulazwa, ndizo za hatari kuliko zote, na ndizo ambazo sisi familia huwa tunafanya sherehe.

Nilipofika gofuni wenzake walikuwa wamemmwagia maji na wanajaribu kumnywesha maziwa. Midomo imekuwa ya bluu. Anavuta pumzi moja, kimya, nahesabu, pumzi nyingine. Maziwa yalikuwa yanamwagika pembeni ya mdomo na mengine yanaingia, angeweza kupaliwa akafa kwa hayo. Tukamtia kwenye bajaji. Hospitali daktari akaniuliza, "Amekula nini? Amekunywa nini?" Nikasema ameanguka bafuni. Nilisema hivyo, mdogo wangu anakata roho, kwa sababu kwenye benchi la nyuma alikuwepo mama mmoja wa kikoba chetu. Aliyesema ukweli ni kijana teja aliyedandia bajaji yetu, miguu peku, ananuka: "Dokta, kajidunga unga, huyu anakudanganya." Wakamchoma sindano ya naloksoni, dawa inayoondoa heroini pale ilipokamata. Haikupita dakika tatu akavuta pumzi kubwa, akafungua macho, akatapika. Nilipogeuka kumshukuru yule kijana hakuwepo, walinzi walishamtoa nje. Simjui jina mpaka leo.

Kwa hiyo ukimkuta mtu hivyo, mlaze ubavu, asafishwe mdomo, asipewe maziwa wala maji ya chumvi, akimbizwe hospitali, na mseme ukweli mlangoni. Daktari hakuuliza ili amkamate. Aliuliza ili ajue achome sindano gani.

Baada ya hapo nilibaki sina hela na sina wazo. Njia ilikuja kwa miguu yake, kwa mwanaume wa makamo aliyevaa fulana ya asasi moja, anayezunguka maskani akiongea na watumiaji. Kazi yake inaitwa mwelimishaji rika. Alikuwa ametumia unga miaka kumi na minne. Alikuja nyumbani, akaketi kwenye mkeka, akaniambia, "Dada, kuna methadoni. Ni bure."

Nilikuwa na pingamizi lilelile ninalolisikia leo kwa wengine: mnamtoa kwenye unga mnamtia kwenye unga wa serikali. Yule kaka hakukasirika. Akanieleza kwamba heroini inakaa mwilini saa chache tu, ndiyo maana teja anaamka akiwa mgonjwa na siku nzima anahangaika kutafuta hela ya kete inayofuata, hana nafasi ya kuwa kitu kingine. Methadoni inakaa saa 24 na zaidi. Inakalia palepale penye kiu, inaituliza, na dozi ikikaa sawa mtu halewi wala hapati arosto. Anaamka kama watu. Akasema Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, Mwananyamala wakafuata 2012, kisha Temeke. Siku hizi imefika hata mikoani: Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga, na Unguja kule Kidongo Chekundu. Wakati ule sikujua hata kwamba ipo Temeke, daladala mbili tu kutoka nyumbani kwetu. Tulikuwa tumeshatumia zaidi ya milioni mbili kutafuta tiba, na tiba ilikuwa inatolewa bure.

Kuingia si kwa siku moja. Alihudhuria vikao vya maandalizi kwanza, na mimi nikaitwa kama ndugu wa kumsimamia. Walimpima mkojo, damu, homa ya ini, makohozi. Oktoba 2016 akanywa kikombe chake cha kwanza.

Nieleze kikombe hicho, maana watu hukifikiria vingine. Kuna dirisha dogo lenye nondo. Unafika na kadi yenye picha yako. Ndani yuko mfamasia, anatafuta jina, anapima dawa ya maji, anaichanganya, anakupa kikombe kidogo cha plastiki. Unakunywa hapohapo anakutazama. Kisha lazima useme neno, jina lako au asante, ili ionekane umemeza na hujaificha mdomoni ukauze nje. Basi. Foleni inasogea. Siku zile za mwanzo nilimsindikiza na nikawa natazama ile foleni: wanaume, wanaume, wanaume, halafu msichana mmoja amejitanda kanga hadi puani. Si kwamba wasichana hawatumii. Kijana akirudi nyumbani ni mgonjwa, binti akirudi ni malaya, kwa hiyo binti harudi.

Dozi inaanza chini na kupandishwa polepole, kwa sababu methadoni yenyewe ikizidi inaua. Kipindi hiki ndicho wengi hukimbia. Wanasema dawa haishiki. Inataka subira ya wiki kadhaa.

Na inatolewa kila siku. Jumapili, Idi, Krismasi, mvua ya masika, kila siku. Dawa ni bure, nauli si bure. Kutoka Chamazi hadi Rangi Tatu 400, Rangi Tatu hadi Temeke 400, na kurudi vivyo hivyo. Shilingi 1,600 kwa siku, 48,000 kwa mwezi. Niliyekuwa nimelipa 250,000 kwa mwezi bila kuhoji, nikajikuta naona uchungu kutoa 1,600 asubuhi, kwa sababu ilinibidi nimkabidhi mkononi mtu aliyeniibia cherehani. Mwezi wa kwanza nilipanda naye. Mwezi wa pili nilimpa nauli ya kwenda tu, nikampigia simu konda rafiki yake amrudishe. Ninashauri hivi: kabla hujaanza, kaeni familia mhesabu nauli ya mwaka mzima na mgawane. Kwetu mama alitoa Jumatatu na Jumanne, baba mdogo Jumatano, mimi zilizobaki. Nimeona vijana wakiacha dawa si kwa kupenda unga ila kwa kukosa nauli siku tatu.

Sasa nifike mahali panaponiuma kuliko pote.

Vile vipimo vya mwanzo vilimkuta na kifua kikuu. Majibu mengine ni yake. Akaanzishiwa dawa za TB mwezi Novemba, za miezi sita. Mpaka hapo alikuwa anaendelea vizuri, amepata dozi inayomtosha, analala. Desemba akaanza kusema ikifika saa tisa alasiri anaumwa arosto. Anapiga miayo, jasho linamtoka, anajikunyata. Nikamwambia anatafuta kisingizio. Nilimwita mwongo mbele ya mama. Nilisema, "Umekunywa dawa saa mbili asubuhi, arosto ya saa tisa imetoka wapi?" Akanyamaza. Tangu siku hiyo akaacha kutuambia.

Akaanza kunywa viroba. Mnakumbuka vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vilivyouzwa hadi kwenye meza za karanga, 500 unapata kimoja. Kwake vilikuwa dawa ya kuvusha jioni. Halafu akaongeza vidonge vya valiamu vya kununua mkononi. Methadoni na pombe na valiamu vyote vinapunguza pumzi, na vikikutana mtu analala haamki. Kliniki wakimsikia ananuka pombe wanamnyima dozi kwa usalama wake, akinyimwa dozi anaumwa, akiumwa anakunywa zaidi.

Aliyeukata mzunguko huo ni nesi, Machi 2017. Hakumgombeza. Alimuuliza maswali mawili tu: "Hali hii ilianza lini? Na dawa za TB ulianza lini?" Kumbe ndani ya dawa za TB kuna rifampisini, nayo huyafanya maini yaichome methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi iliyokuwa inamfikisha kesho yake asubuhi ilikuwa inaisha alasiri. Mdogo wangu hakuwa amesema uongo hata neno moja. Alipoanza dawa za TB dozi ilitakiwa kupandishwa, na ndiyo kwanza ikapandishwa mwezi huo wa Machi. Alipomaliza dawa za TB wakaishusha tena polepole, kwa sababu kuiacha juu pia ni hatari. Ikiwa ndugu yako anatumia methadoni na ameandikiwa dawa nyingine yoyote, za TB, za virusi, za kifafa, waambieni kliniki siku hiyohiyo. Na akisema anaumwa, mwamini kwanza halafu uulize. Nilimwomba radhi jikoni, nikiwa nimempa mgongo, naosha vyombo. Sikuweza kumtazama.

Miezi ileile nchi nayo ilikuwa inatikisika kwa mambo haya. Februari 2017 ilikuwa ya misako, majina yanatajwa hadharani, na Mamlaka mpya iliyoundwa na sheria ya mwaka 2015 ikaanza kazi. Sheria hiyo ilifuta ile ya 1995, na baada ya marekebisho ya 2017 adhabu inafika kifungo cha maisha kwa anayepatikana na hatia ya biashara ya gramu 200 au zaidi za dawa kama heroini. Sina neno la kumtetea anayeuza. Lakini msako unapofika maskani huwakuta wenye arosto kabla ya wenye mali. Mdogo wangu alikamatwa akitoka kliniki, amepita kuwasalimia wenzake. Hakuwa na kete. Alikaa mahabusu siku nne bila methadoni wala dawa za TB. Kadi ya kliniki aliiacha nyumbani. Mimi nikampa mtu mmoja aliyejidai ana njia 150,000 ili alimalize, akazima simu. Aliyemtoa ni mnasihi wa kliniki, aliyekwenda kituoni na karatasi kuthibitisha kuwa huyu ni mgonjwa wao. Hakulipwa kitu. Na kwa kuwa siku zilikuwa zimepita bila dawa, dozi yake ilianzishwa upya chini, kwa sababu ileile iliyokaribia kumuua gofuni. Kadi sasa inakaa ndani ya jalada la simu, na namba ya kliniki ninayo mimi, anayo mama, anayo bosi wake.

Kisha ikaja Machi mosi 2017, viroba vikapigwa marufuku nchi nzima. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alikuwa ametangaza katikati ya Februari, akiwa Mirerani. Nimesikia watu wakisema marufuku ile haikusaidia, walevi walihamia chupa ndogo na gongo, ambayo ni haramu tangu zamani na haijawahi kuisha. Kwa mtaa mzima pengine ni kweli. Kwa mdogo wangu haikuwa hivyo. Yeye alikuwa na 500 mfukoni, hakuwa na 3,000 ya chupa. Kati ya kituo na nyumbani kulikuwa na meza saba zenye viroba, nilizihesabu, na kwa wiki moja zote zikabaki na karanga na sigara. Ukichanganya na dozi iliyopandishwa mwezi huohuo, alipata nafasi ya kupumua. Sheria peke yake isingetosha, na dozi peke yake sijui kama ingetosha. Napenda wanaotunga sheria hizi wafikirie umbali wa kutembea na bei ya mfukoni. Mirungi nayo: ng'ambo ya Namanga, upande wa Kenya, ni zao la biashara, huku ni jela, na madereva wa malori wanayo kila siku. Tofauti ya mpaka haimfundishi kijana chochote kuhusu mwili wake.

Ramadhani ya mwaka ule ilimsumbua, maana kikombe kinanywewa mchana. Tukaenda kwa imamu wetu, nikimwogopa. Alisikiliza, akauliza daktari anasemaje, akasema mgonjwa ana ruhusa yake, alishe masikini kwa kila siku aliyofungua. Mwisho akaongeza kwamba aje safu ya mbele na si nyuma karibu na viatu. Kwa miaka mitano alikuwa akiswali karibu na viatu.

Desemba 2018 aliteleza. Rafiki alitoka jela, wakavuta pamoja. Alinipigia simu yeye mwenyewe kutoka kituoni, akilia. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Nikamwambia apande daladala aje. Kesho yake alikwenda kwa mnasihi akasema kabla mkojo haujasema. Hawakumfukuza.

Ukonda hakurudia, dirisha la kliniki haliendani na gari linaloondoka alfajiri. Anachomelea mageti kwa rafiki wa baba mdogo, aliyekubali afike saa tatu na nusu. Hilo nililiomba mimi, uso kwa uso, nikimweleza kila kitu, na ndiyo mara ya kwanza nilisema neno methadoni kwa mtu wa nje. Dozi yake imeshuka kuliko ilivyokuwa, lakini bado anakunywa. Wanaouliza ataacha lini nawauliza mwenye sukari anaacha lini. Nauli ilipanda hadi 500 mwaka 2022, ikapanda tena hadi 600 Desemba 2023. Kwa bei hiyo ni 2,400 kwa siku, na anajilipia.

Jana jioni mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja na binti yake, amejitanda kanga hadi puani. Aliniuliza aandae shilingi ngapi. Nikamwambia nauli ya watu wawili, na kanga nyingine kavu, maana asubuhi hizi kuna mvua. Mdogo wangu atawapitia saa kumi na mbili kasorobo.